Televizio Mbili za Papa Katembo

Papa Katembo alizikwa Jumanne, na Jumatano nilikuwa nimekaa kwenye salon yake, sebule, pale Butembo, sahani ya fufu juu ya magoti, katikati ya wamama wengine kumi, tukiangalia televizio isiyo na sauti. Hata katika matanga yake hawakuizima. Waliondoa sauti tu, picha wakaiacha, na picha yenyewe ilikuwa mpira, vijana wa nchi za mbali wanakimbia juu ya majani. Kijana wake mkubwa alinijia akaniuliza kwa upole, vile mtu anavyomuuliza daktari, kama rangi iko sawa. Nikamwambia majani ya kijani namna hiyo hayajaota popote duniani, apunguze. Akapunguza. Wamama wakacheka kidogo, na mmoja akasema, kumbe huyu ndiye Kahindo wa televizio. Nimezaa, nimelea, nimefundisha darasani mpaka nywele zimeanza kugeuka, na bado kwa watu wa Butembo mimi ni Kahindo wa televizio. Kazi ile niliifanya mwaka mmoja tu, nikiwa na miaka ishirini na moja. Mais, lakini, ni mwaka ambao sijaweza kuutua chini.

Vita vilikuwa vimekwisha, kwenye redio. Barabara ya Beni haikuwa imepata habari hiyo. Magari yalipita mchana tu, kwa mafungu, na dereva akifika alishuka akajipapasa mwili kwanza kama mtu aliyepoteza funguo, halafu ndipo akasalimu. Lakini Butembo haijawahi kungoja amani ili ifanye biashara, na mwaka ule Papa Katembo, patron, mwajiri wangu, alirudi kutoka Dubai akifuatwa na mzigo wake, na ndani ya mzigo mlikuwa na televizio mbili bapa, za kwanza mtaa wetu kuziona. Moja ilikuwa plasma, nyingine LCD, upana uleule. Akazitundika kwenye ukuta wa butiki, duka lake, bega kwa bega, akaziunganisha na mashine moja ya kusomea diski, ili picha moja itoke pande zote mbili kwa wakati mmoja, na mnunuzi ajichagulie. Kazi yangu ilikuwa kueleza tofauti, na nilijifunza kuieleza hata nikilala. Plasma, weusi wake ni weusi kweli, na ngozi ya mtu juu yake ina damu ndani. Lakini inapata joto, inakunywa mafuta ya jenereta, na ukiacha picha moja isimame muda mrefu inaishika, haitaki kuiachilia. LCD inang'aa hata mlango ukiwa wazi na jua limeingia, na jenereta haichoki nayo. Ila weusi wake ni kama majivu, sura za watu zinakuwa za baridi, na ni lazima ukae mbele yake. Ukikaa pembeni rangi zinafifia, na vitu vilivyokuwa vimejificha gizani vinapanda juu, vinaonekana. Hilo la mwisho sikulisoma kwenye karatasi ya kiwanda. Nililijua kwa sababu kiti changu kilikuwa pembeni, mwisho wa kaunta, karibu na mlango, na kutoka pale niliona vitu ambavyo wanunuzi waliosimama katikati hawakuviona.

Patron alikuwa ameleta diski ya kuonyeshea, samaki wa baharini na maua yanafunguka. Watu wetu hawakuitaka hata siku moja. Mtu wa Butembo hanunui kahawa bila kuitia jino, sasa atanunuaje televizio kwa samaki ambaye hajawahi kumwona? Kila mmoja alikuja na diski yake, ya ndoa, ya upadrisho, ya diploma, ya maziko, na neno lao lilikuwa moja: tuone mutu wetu. Familia nzima ilisimama mbele ya vioo viwili, na mama mkubwa wa nyumba ndiye alitoa hukumu. Huku shangazi ni mweusi kupita, kule amekuwa kama mgonjwa. Ndiyo namna ya kununua, na mpaka leo sijui njia bora ya kupima picha kuliko sura unayoijua. Lakini hebu fikiria kukaa mwaka mzima ukitazama sura usizozijua, kila moja mara mbili, na wengi wao wamekwisha kufa. Askari mmoja alileta diski ya kambi yao, watu wanacheza ngoma na kula mbuzi. Alikuwa anacheka, anagusa kioo kwa kidole na kusema Lingala yake, oyo akufi, oyo mpe akufi, huyu alikufa, na huyu pia, mpaka kidole kikafika kwake mwenyewe, akakiondoa haraka. Hakununua. Tangu siku ile nilianza kuhisi kwamba ndani ya butiki tulikuwa wengi kuliko wale walioingia kwa mlango. Patron nilipomwambia alinicheka, akasema ni baridi ya Butembo, nivae sweta.

Masika aliingia asubuhi moja ya ukungu, kitenge chake kimelowa mpaka magotini, ametoka kijijini Vuhovi. Mwanamke wa miaka kama ishirini na saba, mnyamavu, diski ameifunga kwenye leso. Alisema anataka kulinganisha. Nilimtambua haraka kwamba si mnunuzi, kwa sababu hakuuliza habari ya jenereta. Diski yake ilikuwa ndoa ya watu wa Beni, kwenye sali moja, ukumbi wa mtaa wa Bungulu, keki, kwaya, maneno ya wazazi. Akasema nipeleke mbele, nipeleke mbele tena, halafu akasema simamisha. Nyuma kabisa ya sali, kwenye mlango wa jikoni, palikuwa na mwanaume amebeba kasie, kreti ya bia, begani, anageuza kichwa kuitazama kamera. Akigeuka tu, anapotea ndani. Kwenye plasma nusu yake ilikuwa imemezwa na giza, na nusu iliyobaki, shavu na bega, ilikuwa hai kiasi kwamba ungesema atapumua. Kwenye LCD alionekana mwili mzima, lakini wa majivu. Masika aliangalia huku, akaangalia kule, akarudi huku. Halafu akasema aksanti, akafunga diski yake, akaenda. Juma lililofuata akarudi. Na lililofuata.

Mara ya tatu nilimpa chai ya maziwa na mandazi mawili, na ndipo akasema. Mume wake aliitwa Kambale. Miaka miwili nyuma alipanda gari la mbao kwenda Beni, gari likasimamishwa msituni, dereva akarudi kwa miguu, Kambale hakurudi. Hakuna mwili, hakuna nguo, hakuna mtu wa kusema nilimwona. Sasa familia ya mume ilikuwa imechoka kungoja. Walikuwa wamekwisha kumwambia padri: Jumapili ya mwisho ya mwezi ule wataweka misa, watamlilia Kambale bila mwili, Masika atanyolewa nywele, na baada ya hapo yeye na batoto wake wawili wataingia nyumba ya Kasereka, mdogo wa marehemu. Kasereka hakuwa mtu mbaya, alisema hivyo mwenyewe. Ana bibi yake, mke wa ndoa, na bibi yake alikuwa ameanza kumwangalia Masika kwa jicho la pembeni. Halafu rafiki yake wa kwaya akamletea diski ile, akamwambia tazama nyuma, mlangoni. Kijijini televizio ilikuwa moja, ndogo, yenye mvua ndani ya picha. Aliona kitu kama Kambale, hakuona Kambale. Kulikuwa na alama moja ya kukata maneno: sikio la kushoto. Kambale alipokuwa mtoto waya wa chukudu, baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ulimkata nyama ya chini ya sikio, ikabaki pengo. Kwenye plasma sikio lilikuwa ndani ya giza. Kwenye LCD lilikuwa jivu juu ya jivu, ukitaka pengo unaona pengo, ukitaka uzima unaona uzima. Masika alikuwa na majuma mawili ya kujua kama yeye ni mjane.

Siku ile patron alikuwa Kasindi, mpakani, anagombana na watu wa forodha. Masika aliniomba niache picha imesimama, amtazame tu, na mimi, eh, ningemkatalia vipi? Nilimwachia saa nzima, labda zaidi. Alipoondoka niliweka diski ya kwaya ili niusafishe moyo, na mwanaume wa kasie alikuwa bado yupo. LCD ilikuwa safi. Kwenye plasma alikuwa amesimama nyuma ya wanakwaya, mwembamba kama mvuke, shavu na bega, anageuza kichwa. Nilizima, nikawasha. Yupo. Kesho yake niliweka mpira, akasimama juu ya majani na vijana wanakimbia ndani yake. Mama mmoja aliyekuja na diski ya ubatizo alitazama kwa muda, akauliza kwa sauti ndogo, na ule baba nyuma ya padri ni nani? Nikazima, akafunga pochi yake akaenda. Najua ilikuwa kioo, joto na gesi, patron alinieleza yote aliporudi, baada ya kunigombeza kweli kweli. Alifunika plasma na kitenge, akaniamuru niiwashe kwa picha nyeupe tupu mpaka sura ifutike. Ilichukua siku tatu. Nilikuwa nanyanyua kitenge kuangalia, na bega lilikuwa limeondoka, kisha shavu, na jicho likabaki peke yake siku nzima. Sikuogopa tena. Nitasema kweli, nilimzoea. Asubuhi nikifungua butiki nilimwambia wabukire, kama unavyosalimu mtu wa nyumba, na jicho lilipokwisha nilihisi upweke.

Masika alirudi na Kasereka siku nne kabla ya misa. Kasereka alikuwa kijana mrefu, kofia mkononi, amechoka kwa safari na kwa maneno. Alinisalimu vizuri. Aliniambia wazi kwamba wazee wamemtuma aone kwa macho yake: kama sikio limekatika, misa haisomwi, kama ni zima, wasisumbuane tena. Niliweka diski, nikapeleka mbele, nikasimamisha palepale. Wakasimama katikati, mbele ya vioo viwili. Mimi nikarudi kwenye kiti changu pembeni ili niwape nafasi, na kutoka pale nikainua macho.

Sijui kwa nini majuma yote yale sikuwa nimemtazama nikiwa nimekaa. Labda kila mara nilisimama karibu na Masika, kwa huruma. Kutoka pembeni LCD ilikuwa imefifia na giza lote limepanda. Ukuta wa sali ulionekana, msumari kwenye mlango ulionekana, na mwanaume alikuwa pale mzima, uso wake mpole wa mtu mwenye njaa ya kulala. Sikio la kushoto lilikuwa la duara, limejaa, halina hata mkwaruzo. Nilimwona vile ninavyoona mkono wangu huu. Hakuwa Kambale. Alikuwa mtu mwingine kabisa, na alikuwa ananitazama mimi.

Masika akageuka. "Kahindo, weye macho yako ni ya kazi," akasema. "Ile sikio ya kushoto, iko muzima ao imekatika?"

Nimejaribu miaka yote kujua nini kilipita ndani yangu. Nilimwangalia nywele zake, zilikuwa zimesukwa vizuri, na nikawaza wembe. Nilimwangalia Kasereka, na naapa naye alikuwa anangoja nimwokoe, maana hakuitaka kazi ile. Na tena, nilikuwa muuzaji. Mwaka mzima nilikuwa nimezoea kuwaambia watu kwamba ndiyo, mutu wao ni yule, amefanana sana, tazama.

"Imekatika," nikasema. "Inaonekana muzuri."

Halafu niliinuka, nikachukua kiti changu nikakipeleka nyuma ya stoo, mtu asije akakaa pale. Kasereka alitazama kioo, kisha akavaa kofia. "Hatuwezi kulilia mutu mwenye anabeba kasie," akasema, basi, ikawa imekwisha. Masika alinishika mikono yote miwili, akasema wasingya, ile aksanti ya Kinande ambayo mtu haitoi ovyo, na mikono yake ilikuwa na baridi. Baada ya siku mbili alipanda gari kwenda Beni kumtafuta mume wake. Juma lilelile barabara ilifungwa.

Ilifungwa karibu miezi miwili, na kila habari ya gari lililochomwa nilimwona yeye ndani. Nilimpeleka mwenyewe, kwa neno moja, kwa mtu ambaye si wake, kupitia msitu uleule uliommeza wake. Mama mwenye nyumba nilikopanga alinipikia sombe ya majani ya muhogo na makayabo, samaki wa chumvi, vitu ninavyovipenda, akanikuta natazama sahani. Patron alipouza zile televizio, plasma kwa baa moja ya Beu kule Beni, LCD kwa daktari, aliniambia mzigo mwingine uko njiani, nijitayarishe. Nilimwambia sitaki tena. Alifikiri ninataka kuongezewa mshahara, maskini. Nikaenda kusomea ualimu, na habari ya Masika sikuuliza tena, kwa sababu mtu haulizi anachoogopa kujibiwa.

Basi Jumatano ile, kwenye matanga ya patron, fufu haijaisha kwenye sahani, mwanamke mnene mwenye kilemba cha bluu akaja akakaa karibu yangu. Akasema, "Kahindo, umenisahau?" Nilijua sauti kabla ya sura. Nilishika goti lake nikalia, wamama wakafikiri ninamlilia Papa Katembo, wakanipigapiga mgongoni. Tukatoka, tukakaa kwenye chumba cha nyuma kati ya magunia ya maharagwe, na pale akanieleza. Aliongea polepole, bila hasira, kama mtu anayesoma barua ya zamani.

Alifika Beni salama. Kwenye sali ya Bungulu walimwonyesha nyuma ya jiko, na mwanaume alikuwa pale anatengeneza kiti kilichovunjika. Akaliona sikio kabla hajaona kitu kingine. Alikuwa amejitayarisha kwa mambo mengi, si kwa lile. Barabara nyuma yake imefungwa, hana pa kurudi, na kule nyumbani ni wembe na nyumba ya Kasereka. Akamwita. Alisema tu, Kambale. Yule mwanaume alimtazama, akaweka kiti chini, kisha akajibu, "Niko." Alikuwa mtu wa vijiji vya mashariki, huko kwao hakubaki mtu. Tangu afike Beni hakuna aliyemuuliza jina, walimwita wa kasie. Masika alimweleza yote, siku ileile, hakumdanganya. Alimweleza ndoa, diski, misa, msichana wa butiki aliyesema sikio limekatika. Mwanaume alisikiliza. Kesho yake asubuhi alitoka chumbani na kitambaa kimefungwa kichwani, kimejaa damu, na wembe wa kunyolea ndevu ulikuwa umeoshwa na kuwekwa juu ya dirisha. Hawajalizungumza mpaka leo.

Barabara ilipofunguka Kasereka alikuja na batoto. Aliketi, akala fufu na samaki, akanawa mikono, akainama kulitazama sikio, ambalo kovu lake lilikuwa bado jekundu. Kisha akamwita yaya, kaka mkubwa, akaomba maji ya kunywa. Mama mzazi wa Kambale aliletwa mwaka uliofuata, macho yake yameingia ukungu. Alimpapasa uso, akafika kwenye sikio, akasema mwanangu amekonda. Mkubwa wa batoto alikuwa na miaka mitano. Anamwita papa. "Haikukuwa ye," Masika aliniambia, "na batu ba nyumba banajua wote. Mais sasa, kuna siku anakumbuka vitu vya Kambale. Mbuzi ya baba yao, namna ilikufa. Mimi sikumuambia ile. Nani alimuambia?" Nilimuuliza nilichopaswa kuuliza tangu mwanzo, kama Kambale mwenyewe, yule wa msituni, alipata kuliliwa. Masika akatikisa kichwa. Misa haikusomwa. Nani amlilie mtu ambaye yuko, anakula, anaitika? Nikaelewa kwamba mtu yule amekaa huko miaka yote bila hata chozi moja, na ni mimi niliyemfungia mlango.

Nilitoka nje ili nipate hewa. Kwenye ua mwanaume mwenye mvi alikuwa anapanga viti vya msiba kwenye safu, anavifuta maji ya mvua kimoja kimoja. Sikuhitaji kuonyeshwa. Alinijia, akavua kofia, akanipa mkono, na sikio lilikuwa vile nilivyosema siku ile butikini, limekatwa chini. Tulisimama. Hakuwa na haraka. Aliangalia kwanza mlango wa nyumba kama kuna mtu.

"Ile siku ku televizio," akasema, "uliona nani? Uliona ye, ao uliona miye?"

Ningeweza kusema chochote. Nilikuwa na mazoezi. "Niliona weye," nikamwambia. "Na sikio zote mbili."

Alifumba macho. Midomo yake ikatembea, na nilipodhani anasali akainama karibu yangu akanitajia jina lake, lile alilopewa na mama yake, na jina la baba yake, na la kijiji. Aliyasema mara moja tu, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeweka kitu kizito mikononi mwa mwenzake. Nikamwambia nimesikia. Masika akaita kutoka mlangoni, "Kambale, leta biti, batu banasimama." Na yeye akaitika, akabeba viti vinne, akaingia.